Betri: Sawa

Shem hakuwahi kuegesha lori mahali tambarare. Watu wa Dagoretti Corner walikuwa wamemzoea: jioni, akirudi kutoka kumwaga kokoto, aliiacha yadi nzima ya kampuni, pana na iliyosawazishwa vizuri, akaenda kulilaza lori lake nje, kwenye kichochoro chenye mteremko nyuma ya ukuta, jiwe kubwa likiwa chini ya gurudumu. Asubuhi alifika kabla ya wenzake, mkononi ana chupa ya maji ya moto. Alivimwagia vichwa vya betri maji hayo mpaka ule unga mweupe uyeyuke, akakaza nyaya, akaondoa jiwe, akaliacha lori literemke lenyewe, na kabla ya kufika kwenye kona akaachia klachi. Likishawaka, halizimwi tena mpaka jioni. Likisubiri kupakuliwa Kileleshwa, linanguruma. Yeye akinywa chai, linanguruma. Wenye nyumba wa Spring Valley walimfokea kwa ajili ya moshi, naye aliwaomba radhi huku akicheka.

Kisha alijaza fomu ya ukaguzi. Fomu ilikuwa na mstari wa breki, mstari wa taa, mstari wa magurudumu, na chini kabisa mstari wa betri. Hapo, kila siku iendayo kwa Mungu, Shem aliandika neno moja: Sawa.

Sawa gani, jamani? Mwanzoni aliandika ukweli. Aliandika kwamba betri zimechoka na zibadilishwe zote mbili kwa pamoja. Wangeci, mwenye kampuni, akanunua moja tu. Ile mpya ikafungwa kando ya ile kuukuu, na baada ya miezi mitano kuukuu ikawa imeifyonza mpya, zote mbili hoi. Shem alipoandika tena, Wangeci alimuuliza mbele ya madereva wote kama aliajiriwa kuendesha lori au kuandika malalamiko. Watu wakacheka. Tangu siku hiyo, Sawa.

Lakini tusimtetee mno. Kulikuwa na jambo jingine, nalo lilikuwa tamu. "Lori hili linamjua mwenyewe," madereva walisema. "Mzee Shem akiligusa tu, linaitika." Vilemba vya ukoka hivyo Shem alivivaa vyote, na kichwa kikamvimba. Kila asubuhi lori lilipokohoa na kuwaka, alijiona bingwa.

Mwezi wa Julai alikwenda Butere kumzika mjomba wake. Lori akamwachia Norman, dereva mwenzake, mtu mpole mwenye watoto wanne. Siku ya tatu, baridi ikiwa kali, Norman aliondoa jiwe, akaliacha lori literemke, akaachia klachi. Lori halikuwaka. Injini ikiwa imelala, usukani ulikuwa mzito na breki hazikushika. Lilishindwa kukata kona, likavunja ukuta wa duka, na paja la Norman likavunjika mara mbili.

Shem aliporudi, Wangeci alikuwa na karatasi tayari mezani.

"Mzee Shem, pole na msiba."

"Nimeshapoa, madam."

"Tia sahihi hapa. Ni kusema tu kwamba uliliacha lori likiwa zima. Norman tumeshamwandikia barua ya kumwachisha kazi. Uzembe."

Damu ilimchemka Shem. "Uzembe? Mtu amevunjika mguu ndani ya lori lako na unamwita mzembe? Lori halina betri, madam! Unajua halina betri!"

Wangeci hakupandisha sauti. Alivuta faili, akaanza kufunua fomu moja baada ya nyingine, polepole. Miezi kumi na minne ya fomu. "Sawa," alisoma. "Sawa. Sawa. Jumatatu, sawa. Siku uliyokwenda Butere, sawa. Huu si mwandiko wako?"

"Wewe mwenyewe ulikataa kununua!"

"Nilikataa mara moja. Baada ya hapo uliniambia ni sawa. Mimi si fundi, Mzee Shem. Ninasoma ninachoandikiwa."

Loo! Alitaka kuipindua meza ile. Alitoka bila kutia sahihi, akavuka barabara kwa hatua ndefu mpaka kibandani kwa Gurjit, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe, fundi wa betri kama baba yake alivyokuwa. Gurjit alikuwa na desturi yake: kila betri aliyoiuza, aliichora mwezi na mwaka kwa msumari kwenye kichwa chake cha risasi.

"Fundi, njoo useme!" Shem alifoka kabla hata ya kusalimu. "Njoo umwambie yule mama betri ile kuukuu ina miaka mingapi. Wanataka kumwangushia Norman jumba bovu."

Gurjit aliweka koleo chini. "Kwanza niseme na wewe. Lori la mjini, kuwaka na kuzima siku nzima, betri yake ni miaka mitatu. Ukiitunza sana, minne. Ile ilifika minne ukaniletea, mbavu zimevimba, inanuka mayai viza. Nilisema nini?"

"Ulisema niitupe."

"Ukafanya nini?"

Shem aliligeuza koleo pale chini kwa ncha ya kiatu.

"Ukaomba niiongezee maji. Mwaka wa tano, tena maji. Sasa ni mwaka wa sita!" Gurjit alikuwa mtu wa utani, lakini leo ndevu zilimtetemeka. "Ile tarehe niliichora uisome wewe, si mimi. Betri ikichoka, iache ife. Ikifa, tajiri ananunua. Wewe hukuiacha ife, Shem. Kila asubuhi unaifufua, halafu unakuja kwangu kumtukana mama wa watu."

Shem alitoka kibandani. Alikuja pale na hasira ya kumtosha Wangeci na ukoo wake wote, na sasa hakujua aipeleke wapi.

Aliipeleka hospitali. Norman alikuwa amelala chali, mguu umeninginizwa kwa vyuma, barua ya kampuni imekunjwa chini ya mto. Shem alijitayarisha kutukanwa. Alitamani kutukanwa.

"Mzee, nisamehe," Norman alisema. "Nimekuvunjia lori."

"Usiseme hivyo."

"Sina mkono wako. Nilifanya kila kitu ulichoniambia, likakataa. Labda kweli nilizembea."

"Siku hiyo kulikuwa na baridi," Shem alisema. "Yale maji ya moto uliyamwaga?"

"Maji gani?"

Shem aliangalia dirisha. Hakuwa amemwambia. Alimweleza habari za jiwe na za klachi, lakini maji aliyaficha, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa siri ya ubingwa wake, na mabingwa hawawezi kuwa wawili. Alijichukia pale pale, kwa chuki ambayo hakuwahi kumchukia nayo mtu yeyote, hata Wangeci.

"Norman," alisema, "mzembe si wewe."

Kesho yake aliambiwa lori limenyooshwa bampa na lipeleke kokoto Spring Valley. Shem hakubeba chupa. Aliomba lori la mwenzake lisogezwe karibu, akaazima moto kwa nyaya, likawaka. Akaliendesha taratibu mpaka langoni, palipo tambarare kama meza, malori matatu yakimfuata nyuma. Katikati ya lango alisimama. Akavuta breki ya mkono. Akazima injini.

Honi zilianza. "Mzee, sogea!" "Mzee, nini tena?" Shem alikaa kwenye kiti akajaza fomu juu ya paja, bila haraka. Kisha akageuza karatasi, akaandika na upande wa nyuma.

Wangeci alitoka ofisini mbio, shali imemteleza begani. "Ondoa lori langoni!"

Shem alishuka, akampa fomu. Mbele ya neno Betri palikuwa na neno Mbovu. Nyuma aliandika kwamba kwa miezi kumi na minne, yeye, Shem, ameandika uongo katika mstari huo, na kwamba Norman alipewa lori lisilofaa kutoka yadini. Chini yake alitia sahihi.

"Unajua maana ya karatasi hii?" Wangeci aliuliza. "Hii ni kumwaga unga wako mwenyewe."

"Ninajua. Barua ya uzembe, kama lazima iandikwe, andika jina langu. Ya Norman irudi."

"Haya, tutazungumza. Kwanza washa lori. Watu wanangoja mzigo."

Shem aliunyoosha mkono wenye ufunguo. "Liwashe wewe, madam. Fomu ulikuwa ukisoma. Leo soma hili."

Kicheko kilimtoka dereva mmoja, kikakatika njiani. Wangeci aliutazama ufunguo, akawatazama watu, akaunyakua. Alipanda kwa shida, akishika mlango, sketi ikimzuia. Alikaa mahali ambapo Norman alikuwa amekaa, akaingiza ufunguo, akauzungusha.

Tik.

Akauzungusha tena. Tik. Chini ya boneti hakuna kilichotikisika.

"Mzee Shem," aliita kutoka juu, na safari hii sauti ilikuwa ya chini, karibu ya kubembeleza. "Hebu lifanyie kama kawaida yako."

"Kawaida yangu imemvunja mtu paja."

Nyuma yake honi zilikuwa zimekoma. Dereva wa lori la pili alizima injini yake, kisha wa tatu, kisha wa nne, na yadi ile ikawa kimya kama siku ya Krismasi. Hakuna aliyejua ni lori lipi kati ya hayo lingeweza kuwaka tena. Wangeci alikaa juu pale, mikono yote miwili kwenye usukani, akitazama mbele barabarani.

Kisha akaujaribu ufunguo mara moja zaidi.