Mikanda ya Tangi

Limi alipofika saiti ya maduka mapya pale Kalangalala, sufuria la matobolwa, viazi vitamu vikavu vya kuchemsha, kichwani, tangi lilikuwa limeshashushwa shimoni. Lilikuwa la plastiki nyeusi, refu kama haisi, la kupokea maji ya mvua kutoka kwenye mabati ili yasiingie nyumba za mtaa wa chini. Vibarua walikuwa wanalifukia. Wengi walitoka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya Rwamgasa, na kuta za shimo walizishika vizuri kwa matimba, magogo yale yale yanayozuia udongo wa mgodini usiporomoke. Walijua mashimo yanayomeza. Shimo linalotema hawakuwahi kulichimba.

Injinia alikuwa ameagiza jamvi la zege chini, mikanda ya kulifunga tangi kwenye jamvi hilo, na maji yajazwe ndani kadiri udongo unavyopanda nje. Zege ilimwagwa. Mikanda nayo ililetwa, ya njano, mipya. Mkandarasi Telesphori akaiazima kufungia saruji kwenye Fuso yake. Maji, alisema, yangekuja baadaye.

Ngusa, mume wa Limi, alikuwa ndani ya tangi akikaza bomba.

"Baba Mayala, chakula," Limi aliita kwenye mdomo wa tangi.

"Kilete humu. Nikitoka, Herman atakimaliza."

"Mimi sili cha mtu," alisema Herman, beleshi mkononi. "Naonja tu."

Mvua ilianza Ngusa akiwa bado anatafuna. Maji yalijaa shimoni kulizunguka tangi tupu. Udongo uliofukiwa ukapasuka, tangi likainuka kama ng'ombe anavyoinuka, nyuma kwanza. Lilipita matimba, likapita nondo za ghorofa, likatulia juu kidogo ya nyaya za umeme. Ngusa akachungulia.

"Mmemaliza kufukia?"

"Bado," Herman alijibu.

Walimrushia kamba ya katani. Vibarua wote waliivuta, ikakatika. Ngusa alijaribu kushuka kwa kipande kilichobaki, lakini miguu yake ilipotoka nje ya tangi ilielekea juu, akairudisha ndani. Tangu hapo Limi alimpandishia chakula kwa kamba mpya, nyembamba, inayoweza kubeba sufuria. Kila lilipofika, Ngusa alishukuru, "Wabeja," na kulishusha likiwa tupu. Fundi baiskeli alihamia chini ya kivuli cha tangi. Mayala alizoea kusalimia babaye akiwa ameinua kidevu.

Usiku kule juu kulikuwa na baridi, na Ngusa alianza kukohoa. Limi akaenda kwa Telesphori.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, Mama Mayala. Mzee anaendeleaje huko juu?"

"Anakohoa. Naomba ile mikanda tumvute."

"Mikanda ina kazi. Fuso inakwenda Bukombe."

"Ikirudi?"

"Ikirudi inakwenda Kishapu. Wewe tulia. Pale alipo hakuna hata ukuta wa kumwangukia."

Shimo lilikuwa wazi na maduka yalitakiwa kufunguliwa, kwa hiyo Telesphori aliagiza tangi jingine. Lilikuja na mikanda yake. Limi alisikia habari hiyo akiwa anapika. Aliacha moto ukiwaka, akakimbia saiti. Alikuta tangi la pili limeshalala juu ya zege, vibarua wanafukia, na Herman amekaa kwenye mdomo wake akining'iniza miguu ndani.

"Shemeji, mikanda iko wapi?" Limi alimuuliza.

"Imeondoka na Fuso sasa hivi. Siku hizi inabeba mizigo mirefu."

"Na maji?"

"Kesho."

"Basi usiingie."

"Nisipoingia ataingia mwingine," Herman alisema. "Na huyo mwingine hatakuwa na shemeji wa kumpikia."

Akateremka ndani. Baada ya muda mfupi nyundo yake ilisikika ikigonga bomba.

Juu, Ngusa alikohoa, kisha akaegemea ukingo.

"Mama Mayala, kuna wingu huku. Linatokea upande wa Rwamgasa."

"Umeliona zito?"

"Zito."

Limi aliwatazama vibarua. Walikuwa wanafukia bila haraka, wakihakikisha matimba yamesimama vizuri. Akajifunga kanga yake upya, akavuka barabara kwenda dukani kununua kamba ya pili.