Njia ya Mawe Meupe

Kabla ya wageni wa kukagua silaha kufika, kambi ilitakiwa kuoga. Hilo lilikuwa agizo la Kamanda mwenyewe, na kambi nzima, iliyokaa kwenye mgongo wa kilima upande wa Makindye, ikaanza kujisugua kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Nyasi zilikatwa. Makufuli yalitiwa mafuta. Mbwa wa doria waliogeshwa kwa sabuni, mwaka ambao binadamu wa Kampala walikuwa hawajaiona sabuni tangu Pasaka. Askari wa langoni walifundishwa kutabasamu, na wawili walioshindwa somo hilo wakahamishiwa jikoni.

Lakot, msichana wa miaka kumi na sita, aliyatazama haya yote kwa heshima kubwa. Alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni ya masista, ambako jina lake lilivuma tangu siku mbuzi wa shule alipohudhuria sala ya asubuhi akiwa amevaa shela ya Sista Mkuu. Kambi kama hii ingempa furaha ya mwaka mzima, kama si jambo moja. Baba yake alikuwa amefungiwa humo humo ndani.

Baba huyo, Sajenti Otema, alikuwa mtunza ghala la silaha. Katika mkutano wa kwanza wa maandalizi, Kamanda alieleza kwamba wageni wanatoka nchi iliyoiuzia serikali bunduki, na mkataba unasema bunduki zikae hapa kwa idadi iliyokubaliwa, basi. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Swali hilo huulizwa kwa adabu tu, lakini Otema akasimama.

"Afande, ghalani zimo zaidi ya zile za mkataba. Hizo nyingine tutawaambia nini wageni?"

Jua halikuzama kabla hajafungiwa katika stoo ya zamani nyuma ya mesi, pamoja na watu wengine wenye maswali.

Habari zake zililetwa na Koplo Otim, mlinzi wa stoo, ambaye alikuwa mtu wa kwao Gulu. Kila asubuhi alipita kwa Filda, mke wa Otema, akachukua chupa ya uji na kuificha ndani ya koti.

"Yuko hai, Mama Lakot," alisema. "Lakini mle ndani watu wanapungua."

Filda hakuuliza wanapungua vipi. Aliuliza kama mumewe ameuona uji una sukari ya kutosha, ingawa wote watatu walijua haukuwa na sukari hata chembe.

Wake za askari walipewa kazi ya mawe. Asiyewahi kuishi kambini hajui mawe meupe yana nguvu gani. Hupangwa pande mbili za njia, hupakwa chokaa, na mgeni hupita katikati kama treni kwenye reli. Palipo na mawe, kila kitu hung'arishwa. Pasipo na mawe, hata choo kikianguka na mtu ndani, hakijaanguka. Safari hii mawe yalitoka langoni, yakapita kwenye bendera, yakaingia ghalani, yakarudi. Stoo ilibaki upande wa kulia, karibu kabisa, na kwa sheria ya mawe haikuwepo duniani.

Lakot aliifikiria sheria hiyo kwa makini ambayo masista hawakuwahi kuipata kwake darasani. Kama mgeni ni treni, basi cha kuhamishwa ni reli.

Aliifanya kazi mchana kweupe, siku moja kabla ya ukaguzi, askari wakiwa uwanjani kwenye kwata ya kuwapokea wageni. Alijifunga kitenge cha mama yake, akajitwisha debe la chokaa. Wiki ile msichana mwenye debe la chokaa alikuwa na mamlaka kuliko luteni. Akahamisha jiwe baada ya jiwe, akaipinda njia ilipotoka ghalani, akaifikisha mlangoni mwa stoo, kisha akaizungusha irudi langoni. Askari wa jikoni, mmoja wa wale walioshindwa kutabasamu, akamsimamisha.

"Wewe mutoto, mawe hii unapeleka wapi?"

"Nimeambiwa, afande."

"Nani amekwambia?"

Lakot aliinua macho taratibu kuelekea ofisi ya Kamanda, kisha akayashusha kwa unyenyekevu.

"Basi panga muzuri," askari akasema haraka. "Ile moja imelala upande." Akainama, akalinyoosha mwenyewe.

Alasiri Filda akaiona.

"Lakot."

"Naam, mama."

"Hiyo njia."

"Njia gani tena, mama? Mimi ni mtoto wa shule tu."

Filda alikaa kwenye kigoda, akafunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Lakot akadhani analia. Kumbe alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu mumewe achukuliwe.

"Mgeni akifika mlangoni atasema fungua," alisema akijifuta machozi. "Hawezi kufikishwa mlangoni asiseme fungua."

"Atasema. Na Baba atatoka awaeleze habari za ghala zima kwa kile Kiingereza chake cha gwaride, mpaka wao ndio waombe kufunguliwa."

Kesho yake Otim hakuja kuchukua uji. Wakasema ni shughuli za wageni.

Wageni walikuwa watatu, wenye kofia za jua na mkalimani. Wake za askari walipangwa kando ya njia wapige vigelegele. Ghalani wageni walikaa kitambo, na walipotoka nyuso zao zilionyesha kwamba hesabu imekubali. Kisha njia ikapinda. Kamanda akasita. Aliyatazama mawe, akamtazama Sajenti Meja, naye Sajenti Meja akaitikia kwa kichwa, kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi yake. Kamanda akaendelea kutembea.

Mlangoni mwa stoo mgeni mrefu alinyoosha kidole.

"Wanaomba kuona humu," mkalimani akasema.

Filda alimbana Lakot mkono. Mlango ukafunguliwa.

Ndani mlikuwa na mifagio mipya, imesimama ukutani kwa kimo, mrefu mwanzo, mfupi mwisho. Sakafu ilikuwa imeoshwa, bado mbichi. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa kuanzia chini hadi juu kidogo ya kichwa cha mtu.

"Mgeni anasema hajapata kuona kambi safi kama hii!"

Wake za askari wakaamriwa vigelegele, wakapiga. Filda akauachia mkono wa Lakot, akaanza kumtafuta Otim kwa macho.

Yeye na Lakot walimkuta Otim nyuma ya jiko, ameketi chini.

"Sajenti Meja alipita jana jioni kukagua njia," alisema bila kuwatazama. "Akaona mawe yamefika stoo. Hakumuuliza mtu. Nani anauliza hapa tangu Otema aulize? Akasema Kamanda ameamua kuonyesha na hapa, pasafishwe. Wakawapakia kwenye lori wote."

"Lilikwenda wapi?"

"Dada yangu, usiniulize."

"Nakuuliza, Otim."

"Liliteremka. Hilo ndilo nililoona. Liliteremka."

Waliteremka nao kwa miguu hadi njia panda, kwa Nashon, fundi baiskeli kutoka Kisumu.

"Lori la jeshi?" Nashon akacheka kidogo. "Mama, tangu jana hapa ni malori tu. Yamejazwa matoke, moja laenda Kibuli, lingine Kabalagala, yanazunguka, yanarudi. Nikasema wacha niwanunulie watoto mkungu mmoja, askari akanielekezea mtutu. Matoke gani hayo yanatembezwa mjini kama bibi harusi?"

Lakot alijua ni matoke gani. Chini yake zililala bunduki zile alizoziulizia baba yake, zikipunga upepo mpaka wageni waondoke.

"Na lori lisilo na matoke?" Filda akauliza.

Nashon aliacha kucheka. Akaokota spana, akaigeuzageuza.

"Hayo mengine, mama, mtu haangalii sana."

Lakot alingoja mama yake amgeukie. Kofi lingemfaa, hata tusi. Filda alijifunga kitenge upya kiunoni, akaitazama barabara ya Kibuli, akaitazama ya Kabalagala.

"Wewe shika hii ya Kibuli," alisema. "Uliza kila mwenye kibanda."

"Mama, mimi ndiye..."

"Uliza vizuri, usiwatishe."

Akaondoka kuelekea upande wa pili. Lakot alimwendea mwanamke wa kwanza, muuza mihogo, akapiga magoti, akamsalimu, akauliza. Mwanamke aliipanga upya mihogo yake iliyokuwa imekwisha kupangwa, akasema yeye hajaona lori lolote. Lakot akashukuru, akainuka, akaenda kwa wa pili.