Kisanduku cha Moshi

Mafundi wa gereji walimwita Koili, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Kwao fundi ni mtu mwenye grisi hadi viwikoni. Yeye alikaa pembeni na kazi yake ya kusuka koili, zile waya za ndani ya mota za feni na pampu. Basi siku alipoing'oa injini ya gari la marehemu baba yake na kufunga mota ya umeme mahali pake, gereji nzima ilipigwa na butwaa. Baba yake mdogo, mwenye gereji, alikuja juu kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.

"Umemtoa kaka yangu moyo!"

"Baba mdogo, moyo wake tulishauzika."

Hapo mzee akatoa neno mbele ya mafundi wote, ili yeye mwenyewe asipate njia ya kurudi nyuma. Gari litapelekwa kwenye ukaguzi. Likipita, ni la Koili. Likifeli, litauzwa chuma chakavu siku hiyohiyo. Na hakuwa mtu wa mdomo tu: asubuhi ya ukaguzi alifika na mnunuzi wa vyuma pamoja na lori lake, wakakaa kwenye benchi kama watu waliokuja kwenye mazishi ya mtu wasiyempenda.

Mkaguzi alizunguka gari, akapapasa rangi yake ya bluu, akapima taa, akapiga matairi teke. Kisha akachukua mpira wa kupimia moshi, akainama nyuma ya gari. Akasimama. Akainama tena.

"Bomba la moshi liko wapi?"

"Halina," Koili akasema.

"Sasa moshi nitaupimia wapi?"

"Hakuna moshi, mzee. Ni gari la umeme."

Mkaguzi akagonga fomu kwa kalamu. "Hapa pana kisanduku cha moshi. Kisipojazwa, gari limefeli. Litoe kwenye mstari."

Mnunuzi wa vyuma akasimama, akakung'uta suruali. Baba mdogo alikuwa anatazama chini, na Koili angeapa kuwa anatabasamu. Hasira zikampanda. Miezi minane amelala chalichali chini ya gari hili, ameunga betri moja baada ya nyingine, amechomwa na kuchekwa, halafu leo amalizwe na kisanduku?

"Silitoi," akasema. "Andika kwa mkono wako: gari limefeli kwa sababu halitoi moshi. Tia sahihi, piga muhuri. Ukishaandika nitaondoka mwenyewe."

Mkaguzi akaisogeza kalamu kwenye karatasi, akairudisha. Nani atie sahihi kitu cha namna hiyo? Nyuma yao madereva walishaanza kupiga honi.

"Dada, usinichezee kazini. Nitalitoa mimi."

Akaingia garini, akazungusha ufunguo. Kimya. Akauzungusha tena. Kimya kilekile. "Limekufa!" akatangaza, na wala hakuitoa gia iliyokuwa imeingizwa, maana gari lililokufa litakwenda wapi? Sasa, mtu aliyekulia kwenye magari ya zamani ana dawa moja tu ya injini iliyogoma: huikanyagia mafuta mara mbili tatu iamke. Koili alipiga kelele, "Usikanyage!" lakini mguu ulishafika chini.

Gari likaruka. Likapita mbele ya benchi, na mnunuzi wa vyuma, pamoja na kitambi chake, akajikuta amesimama juu ya benchi hilo. Likaufuata ukuta. Mkaguzi akakandamiza breki kwa nguvu zake zote na za mababu zake, gari likasimama hatua moja tu kabla ya ukuta, limenyooka, halikuyumba hata kidogo.

Koili alifika mbio. Aliogopa, lakini hakuwa tayari kumwonyesha mtu.

"Breki zinashika," akasema. "Hizo nazo zina kisanduku chake."

Mkaguzi akashuka, akajifuta jasho, akaitafuta kalamu yake sakafuni. "Gari limewaka, na mimi sikusikia kitu," akanong'ona. Kisha akaitazama fomu. "Lakini moshi, dada. Kwenye moshi niandike nini?"

"Moshi wa gari hili ameuvuta baba yangu." Sauti ya Koili ilikatika, akaiunga. "Miaka thelathini. Mvua ikinyesha milango ya gereji inafungwa, injini inanguruma humohumo ndani, naye ameiinamia. Mwisho hakuweza kuniita jina bila kukohoa. Muulize baba mdogo, ndiye aliyembeba kumpeleka hospitali. Aliuvuta wote, mzee. Haukubaki wa kujaza kisanduku chako."

Baba mdogo akageuza uso. Mkaguzi akaweka fomu juu ya paa la gari, akaandika kwa herufi kubwa, *Hakuna*, akapiga muhuri.

Lori la vyuma likaondoka tupu. Koili alikuwa ameshakaa kwenye usukani baba mdogo aliposogea, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Limepita," akasema. "Lakini hili si gari la kaka yangu tena."

"Kweli, baba mdogo. Ni langu." Koili akafunga mlango. "Toa mkono, naondoka."

Mzee akautoa.