Ndani ya Ng'ombe Hakuna Mtu

Ng'ombe wa sherehe wa kijiji cha Baixinha alikuwa na sifa jimbo zima la Maranhão. Mgongo wake wa mahameli nyeusi ulitariziwa shanga mpaka ukaumiza macho, kwenye pembe zake zilining'inia riboni za kila rangi, na macho yake ya kioo yalikutazama hadi ukajiuliza umekosa nini. Watu walimsifu Zulmira aliyemtarizi. Walimsifu Seu Custódio, yaani Bwana Custódio, mwenye ng'ombe, aliyeongoza nyimbo kwa kipenga na manyanga. Waliwasifu wapiga mbao za kugonganisha na wapiga matari, hata mpishi wa supu ya utumbo hakusahauliwa. Lakini Anacleto, aliyekuwa chini ya mahameli hiyo, akimbeba ng'ombe mabegani na kumchezesha mpaka jasho likamwingia machoni, hakusifiwa na yeyote. Ndiyo desturi yenyewe. Ng'ombe ni wa Mtakatifu Yohana, na ndani ya ng'ombe hakuna mtu. Ukisema yumo, umeharibu sherehe, na wazee watakukata jicho kama uliyetemea mate altare.

Kwa miaka mingi Anacleto hakujali. Mwaka huu alijali. Goti la kushoto lilikuwa limechoka, na alijua kwamba mwezi huu wa Agosti, ng'ombe akishakufa kama afavyo kila mwaka, yeye hatambeba tena. Alitaka kitu kimoja tu. Ng'ombe akishaanguka, Seu Custódio huimba wimbo wa shukrani na kuwataja watu mmoja mmoja. Anacleto alitaka jina lake liwemo. Mara moja tu, kisha basi.

Alimkuta Custódio barazani kwake akikaza ngozi ya tari.

"Jina lako?" Custódio aliacha kazi. "We Anacleto, umekunywa?"

"Sijanywa. Mbona unamtaja mpaka aliyeleta kuni?"

"Aliyeleta kuni ni mtu. Wewe ni ng'ombe."

"Na nikirudi nyumbani nakuwa nani?"

"Hayo kamuulize Benedita, mkeo ni yeye, si mimi. Uwanjani mimi namjua ng'ombe tu. Baba yangu hakumtaja aliyekuwa ndani, babu yangu hakumtaja. Wewe una nini cha ajabu, mkia wa dhahabu?"

Anacleto aliondoka bila kuaga. Alikuwa ameumia, na njia nzima hakumwitikia mtu salamu.

Siku ya kifo cha ng'ombe ilikuwa Jumapili, jua likiwa bado kali. Siku hiyo ng'ombe hukimbia. Anakata mbio akajifiche katika nyumba aitakayo, na wachungaji wake wenye kamba na kofia za manyoya ya ndege wanamtafuta mlango hata mlango, umati ukiwafuata kwa mbao na matari. Wakimpata wanamburuta mpaka kwenye nguzo mbele ya kanisa, na pale ndipo anapochinjwa, divai ikimwagwa kuwa damu yake. Miaka mingine Anacleto alijificha penye keki nyingi. Safari hii alitaka wamtafute mpaka ndimi ziwatoke, basi akateremka mbio hadi mwisho kabisa wa barabara, penye kibanda cha makuti katikati ya michikichi ya babasu.

Ndani alikuwamo bikizee ameketi sakafuni, shoka amelibana chini ya paja, makali juu, anapasua kokwa za babasu kwa kirungu. Kijijini walimwita Bibi wa Mwisho, kwa sababu nyumba yake ndiyo ya mwisho.

"Karibu, ng'ombe," alisema bila kushtuka. "Ingia taratibu, usinivunjie mlango na hayo mapembe yako."

Anacleto aliinamisha pembe akaingia, kama inavyompasa ng'ombe.

"Goti bado linakusumbua, Anacleto?"

Anacleto alirudi nyuma hatua moja. "Ng'ombe hana jina la mtu, bibi," alinong'ona.

Bikizee alicheka mpaka akakohoa. "Nani kakwambia? Mimi nakaa chini tangu nyonga ziliponikatalia, mwanangu. Ninyi mnaangaliana nyuso, mimi naangalia miguu. Mkipita hapa mwezi wa Juni, wote macho kwenye shanga za Zulmira. Mimi natazama chini ya pindo. Kidole gumba kimepinda kama tangawizi, hicho kitakuwa cha nani tena? Kila mwaka nasema, asante Anacleto, leo umecheza. Ila mbao zenu zina kelele, husikii."

Neno Anacleto alilokwenda kuliomba kwa Custódio lilikuwa likisemwa kila Juni kwenye mlango huu, naye akipita zake. Aliketi sakafuni, ng'ombe mabegani vilevile. Bikizee akapitisha kikombe cha kahawa chini ya pindo, kisha kipande cha mkate wa muhogo.

"Na wewe, bibi, jina lako nani?" aliuliza, na papo hapo aibu ikamshika. Alizaliwa Baixinha. Samaki wake alikaangwa kwa mafuta ya mikono ile, shati lake lilifuliwa kwa sabuni ya mikono ile, vyote vya babasu, mti usiopandwa na mtu wala kumwagiliwa, na ambao wenye ranchi waliufyeka wakiuita takataka.

"Firmina. Firmina Araújo. Usione haya, hata padri ananiita Bibi wa Mwisho."

Nje vishindo vya mbao vilikaribia. Anacleto aliweka kikombe chini, akajiandaa kukamatwa.

"Tumemaliza nyumba zote!" mchungaji mmoja alilalamika barabarani. "Kaingia ardhini huyu?"

"Na kile kibanda?"

"Kile? Hakuna mtu mle."

Vishindo vikageuka, vikaanza kupanda kurudi kanisani. Firmina aliweka kokwa nyingine juu ya makali, akaipiga kirungu, ikapasuka.

"Ndivyo," alisema. "Huwa wanapita tu."

Maneno hayo ya hakuna mtu Anacleto alikuwa ameambiwa yeye maisha yake yote ya ung'ombe, na aliyavumilia. Lakini kuyasikia yakisemwa juu ya bibi huyu, masikio yake mwenyewe yakisikia, damu ilimchemka. Alitoka mlangoni akalia mlio mrefu wa ng'ombe dume, mlio wa kuwarudisha hata viziwi.

Umati ukarudi mbio. Wachungaji wakamtupia kamba, wakavuta. Ng'ombe hakusogea. Walipozidi kuvuta, alipiga magoti, akalala katikati ya uwanja wa Firmina.

Seu Custódio alifika anahema, akainamia pembe.

"Inuka, mpumbavu wewe! Nguzo iko kanisani, divai iko kanisani, watu wamekaa wanangoja!"

Ng'ombe alipunga mkia.

"Ni lile la jina, siyo?" Custódio alishusha sauti. "Haya, umeshinda. Nitalitaja leo, mwisho wa wimbo. Inuka basi."

Chini ya mahameli Anacleto alifumba macho. Lile alilolitaka lilikuwa limefika, mkono unaligusa. Alimsikia Firmina akikohoa mlangoni. Akatikisa pembe kushoto na kulia. Sitaki.

"Ng'ombe kachagua," alisema Zulmira, mikono kiunoni. "Ni wake Mtakatifu, Custódio, si wako. Leteni nguzo huku."

Basi ikaletwa nguzo, ikaletwa divai, zikaletwa meza na masufuria, akina mama wakinung'unika njia nzima. Ng'ombe akachinjwa. Watu wakalia kama waliavyo kila mwaka. Seu Custódio akatikisa manyanga, akaanza shukrani: akamtaja Mtakatifu, mtarizi, mpishi, aliyeleta kuni. Mwisho kabisa hutajwa mwenye uwanja, na bila yeye wimbo haufungwi.

"Na mwenye uwanja huu, mama yetu..." aliimba, na hapo akakwama.

Aliwatazama wapiga mbao. Wapiga mbao wakatazamana. "Bibi wa Mwisho," mmoja alinong'ona, lakini hilo si jina la kuimbwa mbele ya Mtakatifu. Custódio aliurudia mstari, akakwama palepale. Mlangoni Firmina aliinamisha uso, akawa anajifuta mikono kwenye gauni kana kwamba kosa ni lake. Mtu mmoja tu ndiye aliyelijua jina lile, naye alikuwa ng'ombe, tena ng'ombe mfu.

"Firmina!" Sauti ilitoka chini ya mahameli. "Anaitwa Firmina Araújo!"

Benedita aliziba mdomo kwa viganja viwili, maana sauti ya mumewe aliijua hata usingizini, na si yeye peke yake aliyeitambua. Wazee walimgeukia Custódio. Custódio alimtazama ng'ombe, akamtazama bikizee, mshipa wa shingo umemsimama. Kisha akapuliza kipenga.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Ng'ombe kamtaja."

Akaimba Firmina Araújo, na mbao zikalidaka, na matari yakalidaka, na umati ukaliimba tena na tena, wengine wakilisema kwa mara ya kwanza maishani. Firmina alilia wazi wazi, asijifute. Na Anacleto, mchanga mdomoni na divai ikimchuruzika shingoni, alifumba macho akafa tena, safari hii vizuri.