Neno Lenye Maana Moja

Mama yangu, Bi Zakiya, alitoka Unguja mwaka 1964 akiwa na wanawe wawili, cherehani, na imani kwamba Kiswahili alichokiacha nyuma lazima kitaharibika. Nyumbani kwetu Al Khoudh, huku Uarabuni, mgeni akiteleza kwa neno la bara alisahihishwa kabla hajamaliza kahawa yake. Mimi Rawya, binti yake, nilikuwa na miaka saba tulipoondoka, na ugonjwa huo niliurithi wote. Hata wifi yangu Wadha, mke wa ndugu yangu Hatem, sikumwachia. Kosa lake ni kuzaliwa Tabora.

Kiburi hicho ndicho kilichonipatia kazi. Mwanzoni mwa mwaka 2006, nikiwa nimestaafu ualimu, taasisi moja ya utafiti huko Ulaya ilitafuta mtafsiri wa Kiswahili. Walikuwa wanaandika ripoti ya usalama na ugaidi ya kuwashauri mawaziri wao, na walikuwa wamewahoji wahamiaji wa Afrika Mashariki. Sauti zililetwa kwenye CD, bila majina, kila mtu na namba yake.

Namba Kumi na Nne alikuwa kijana mchangamfu. Katikati ya mahojiano simu yake ililia, akaomba radhi, akaongea na mwenzake huku kinasa sauti kikiendelea. Nikamsikia akisema, "Kanisa tutalilipua tu, Jumapili imefika. Jumatatu ntarudi nimalizie."

Haukuwa umepita hata mwaka tangu mabomu ya London, na televisheni zilikuwa bado hazina habari nyingine. Nilimwita Mama. Akasikiliza mara mbili, akasema kulipua ni kwa baruti, akaniambia nimche Mungu nisifiche jambo kama hilo. Nikatafsiri siku ile ile. Ile "nimalizie" nikaigeuza kuwa "niwamalize", maana kwa hofu niliyokuwa nayo sikuona vipi ingekuwa vingine.

Wiki ya pili wakaniandikia. Kijana amekamatwa, na anadai neno lile maana yake ni kufanya kazi haraka haraka. Je, yawezekana? Walinipa siku tatu za kufikiri. Sikuzitumia. Baada ya saa moja niliwajibu kwamba mimi ni mzaliwa wa Unguja, kwamba Kiswahili sanifu kimetoka kwetu, na kwamba neno hilo lina maana moja tu. Niliipenda barua ile. Nilimsomea Mama kwa sauti, naye akaitikia kwa kichwa. Kumuuliza Wadha hakukunijia akilini. Ningemuuliza nini mtu wa Tabora?

Miezi saba ikapita. Hatem na Wadha walikuwa wanamalizia nyumba yao Mabela, na Ijumaa moja asubuhi wakatuita tukaione. Kwenye choo cha wageni vigae vilikuwa vimekwenda upande, saruji imegandia juu yake. Wadha akainama, akapitisha kidole kwenye nafasi kati ya kigae na kigae.

"Mwone fundi huyu, wifi," akasema. "Kalipua."

Nilimuuliza amesema nini. Akadhani namsahihisha kama kawaida yangu, akarudia polepole, kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kudharauliwa: kalipua kazi, kaifanya bora liende. Kwao kila mtu husema hivyo. Nikakaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa pale mlangoni.

Tuliporudi Al Khoudh nilimchukua Wadha, nikampigia ile sauti bila kumweleza kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Fundi tu huyo," akasema. "Wanamharakisha kabla ya misa. Yuko wapi? Mwambie kwangu asije."

Nikalia mbele yake. Nilipomweleza, kicheko kilimtoka usoni. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Aliuliza tu kwa nini sikumpigia simu. Kutoka kwetu hadi kwake ni mwendo wa dakika ishirini kwa gari.

Niliandika Ulaya siku ile ile. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, lenye adabu nyingi. Kijana aliitwa Kibwana, mtu wa Morogoro. Hakushitakiwa, kwa kuwa kwake hakukukutwa baruti wala waya, isipokuwa makopo kumi na moja ya rangi nyeupe. Lakini alikaa kizuizini miezi mitano, kibali chake kikafutwa, akarudishwa kwao. Mkewe amebaki kule na mtoto ambaye baba yake hajampakata. Ripoti ilikuwa imekwisha chapwa na kugawiwa. Toleo lijalo litakuwa na tanbihi, kwamba neno hilo lina maana ya pili. Walinishukuru kwa umakini wangu.

Nilimsomea Mama barua hiyo pia. Alikuwa anachambua mchele. Akaweka sinia mapajani, na nikaona ameelewa kila kitu.

"Lakini siye hatusemi hivo, mwanangu," akasema, kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, Mama," nikamjibu. "Nami ndivyo nilivyowaambia."