Nyota Moja kwa Seva Tatu

Mimi ni mvivu, nalisema mwenyewe kabla hamjanisema. Hospitali yetu ina seva tatu, zile kompyuta kuu zinazoendesha skrini za wodi, na badiliko lolote linatakiwa lifike kwenye zote. Fundi mwangalifu huingia moja moja. Mimi naweka alama ya nyota kwenye amri, maana yake "zote", nabonyeza, naenda zangu kunywa chai.

Jumatatu niliagizwa kuwasha onyo la mzio: nesi akitaka kutoa dawa inayomdhuru mgonjwa, skrini igeuke nyekundu. Nikaweka nyota yangu. Jibu likaja: imefanikiwa. Nikaandika ripoti kwamba seva zote ziko tayari, nikasaini.

Jumatano shemeji yangu, mke wa kaka, nesi wa wodi ya watoto, alimchoma mtoto sindano, mtoto akavimba uso mzima. Mungu mkubwa, alipona. Lakini shemeji aliitwa mbele ya kamati.

"Onyo halikutokea," alisema. "Muulizeni shemeji, yeye ndiye fundi."

Wote wakanigeukia. Damu ikanichemka. Yaani leo kazi yangu inatiliwa shaka, tena na mtu wa nyumbani? "Seva zote zimewashwa," nikasema. "Ripoti mnayo mezani."

Shemeji aliivuta ile ripoti, akaisoma mpaka kwenye saini yangu.

Niliporudi ofisini moyo ulikataa kutulia. Nikaingia seva moja moja, kama nilivyotakiwa kufanya tangu Jumatatu. Ya kwanza, onyo limewashwa. Ya pili, limewashwa. Ya tatu, ile ya wodi ya watoto, limezimwa. Kumbe nilipotuma amri ilikuwa inajiwasha upya, ikarukwa, na lile jibu lilitoka kwa wenzake wawili tu. Mama yangu!

Nilikimbia hadi chumba cha kamati. Shemeji alikuwa nje kwenye korido, ameshavuliwa kitambulisho.

"Shemeji, nisamehe. Lilikuwa limezimwa. Kosa ni langu. Twende nikawaambie sasa hivi."

Hakunigombeza. Bora angenitukana mbele za watu.

"Nimeshasaini," alisema taratibu. "Nimekiri kwamba onyo lilitokea, mimi sikulitazama."

"Unakirije kitu ambacho hakikuwepo?"

"Wewe ulisema lilikuwepo. Nikajua shemeji yangu hawezi kunisingizia. Basi nikasema labda macho yangu ndiyo mabovu."