Muhuri wa Jogoo

Afisa wa Kijerumani aliuinua mkate juu ya kofia yake, akauzungusha kama mtu anayenadi kuku sokoni. "Mkate wa nani huu?" Alikuwa mwigizaji kutoka Roma, asubuhi ile ile alikunywa kahawa jikoni kwetu na kumtekenya mwanangu kidevu. Tulikuwa watu sitini katika uwanja wa kanisa, tumevishwa matambara ya mwaka arobaini na nne, tumeagizwa kuogopa, lakini kuogopa kwa kuchekesha. Mama yangu, Domitilla, alikuwa mstari wa mbele. Mimi ndiye niliyemsimamisha pale.

Kijijini kwetu Pietrafosca tanuri ni moja. Kila mwanamke hukanda unga kwake, akajitwisha ubao wenye madonge mpaka tanurini, na kabla ya kuyatia motoni huyapiga muhuri wa mti wa nyumba yake, mikate isije ikachanganyika. Muhuri wetu ulikuwa wa jogoo, na chini ya kucha zake herufi mbili: O na D. Oreste D'Orazio, jina la baba. Baba aliuchonga wiki ya harusi yao.

Februari ile ya vita mama alioka mkate mmoja wa ziada. Ulikuwa wa wafungwa wawili wa Kiingereza waliotoroka kambini wakajificha katika pango la kondoo, juu mlimani. Mkono una mazoea yake. Ulichukua muhuri, ukapiga, kama ulivyopiga kila Jumamosi kwa miaka kumi. Wajerumani walipofika pangoni Waingereza walikwisha kimbia, ila nusu mkate ulibaki kwenye majani, jogoo akiwakodolea macho.

Walitukusanya uwanjani. Nilikuwa na miaka minane. Nilimwona mama akifumbua kinywa, na nikaona buti la baba likimkanyaga mguu kwa nguvu. "Ni wangu," baba akasema. "Mke wangu hajui kitu." Walimpiga risasi kwenye ukuta wa tanuri, ambao bado ulikuwa na joto.

Kila mwanamke kijijini alijua ni mkono wa nani uliosahau. Hakuna aliyesema. Walimsamehe mama kwa kunyamaza, na kimya hicho kilimla kama nondo alavyo sufu.

Miaka kumi na sita baadaye nilikuwa na mtoto mchanga, Tullio, na nilikuwa nasoma shule ya jioni. Ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kuandika insha yenye mwanzo na mwisho. Siku moja mwalimu alituletea mgeni, Bwana Lamberto, mwandishi wa filamu, aliyekuwa akitafuta visa vya vita. Wenzangu waliinamia madawati. Mimi nilisimama, nikasema yote. Bwana Lamberto akavua miwani, akaifuta.

"Dada Nives," akaniambia, "hili lazima Italia nzima ilione. Jina la baba yako halitapotea."

Nikamwamini. Kesho yake nikamkabidhi muhuri wenyewe, nimeuviringisha katika nepi safi ya Tullio. Mama nilimwambia tu kwamba wanatafuta nyuso za wazee.

Asubuhi ya kupiga picha ndipo nilipojua kuwa filamu ni ya vichekesho. Mchekeshaji mnene, yule ambaye nchi nzima inamjua, ndiye angeshikwa na mkate, naye angeutafuna wote mbele ya afisa ili kuficha ushahidi, huku akilalamika kwamba hauna chumvi.

"Bwana Lamberto, baba yangu aliuawa hapa!"

"Najua, dada yangu. Ndiyo maana tunawachekesha. Mtu akicheka, anameza. Ukimliza, anahamia sinema ya jirani."

Ningeweza kumshika mama mkono tukaenda nyumbani. Palikuwa hatua ishirini tu. Tullio alikuwa akitafuna kifungo cha gauni langu. Nilijishughulisha na kifungo kile. Nilikuwa bado nalifikiria jina la baba.

Basi afisa akauzungusha mkate, na jogoo akaligeukia jua. Nilimwona mama akiutambua. Mchekeshaji alivuta pumzi aseme maneno yake, lakini mama alikwisha mtangulia, yuko katikati ya uwanja.

"Ni wangu," alisema. "Nimeukanda mimi. Muhuri nimepiga mimi. Huyu hajui kitu."

Watu wa filamu kutoka Roma waliangua kicheko. Mmoja alijikunja mpaka akakaa chini.

"Bibi huyu kafundishwa na nani?" mwongozaji wa filamu alipiga kelele. "Dhahabu tupu! Mama, rudia hivyo hivyo."

Mama alimtazama. "Kuna kurudia?"

"Kupo, bibi. Mpaka tupate."

Mara ya pili kuku alikatiza mbele ya kamera. Mara ya tatu mchekeshaji mwenyewe alicheka. Kila mara mama alirudi mstarini, akasubiri kuulizwa, akakiri. Alipopita mara ya nne, shangazi Ermelinda, dada wa baba, alimnong'oneza bila kugeuza shingo, "Leo ndio umeupata ulimi?"

Mama alitoka mstarini akasema tena. Mwongozaji akapiga makofi.

Filamu ilifika mjini bondeni Novemba. Tulikwenda Jumapili mchana, mama, Tullio na mimi. Niliyasoma majina yote ya mwanzo, mpaka la mshona nguo. La baba halikuwamo. Jogoo alitokea kwenye kitambaa cha sinema, mkubwa kuliko mlango wa kanisa, na mama akatoka mstarini. Ukumbi mzima ulilipuka. "Kizee hiki kinanivunja mbavu!" alisema mwanamume nyuma yetu, akipiga kiti changu kwa goti. Afisa alimtazama mama, akamtazama mnene, akatupa glavu zake kwa kuchoka, akafukuza kijiji kizima kikale chakula cha mchana.

Taa ziliwaka. Nilimvisha Tullio koti. Mama hakuinuka.

"Umeona?" alisema. "Wote wamekwenda kula."

"Nimeona, mama. Twende."

"Wanaonyesha tena?"

"Saa kumi na moja. Lakini basi litatuacha."

"Na lituache. Nataka kuona tena pale ninapotangulia."

Nilimvua mtoto koti. Milango ikafunguliwa, watu wapya wakaingia na karanga zao, wakaketi huku na huku kutuzunguka, wakangoja kucheka.